Shajara ya mradi: mawasiliano ya viongozi na wafanyakazi katika kuunganisha idara mbili

Kufungua shajara

Bodi imeidhinisha kuunganishwa kwa idara ya huduma kwa wateja na idara ya malipo ziwe idara moja yenye mkuu mmoja, na mimi nimekabidhiwa kuratibu mawasiliano kati ya uongozi na wafanyakazi kwa kipindi chote cha mabadiliko hayo. Shajara hii itaandika kila uamuzi wa kusema au wa kunyamaza pamoja na sababu zake, kwa kuwa baada ya muda watu hukumbuka kilichoamuliwa na kusahau kwa nini kiliamuliwa, na hapo ndipo uongozi huanza kutoa maelezo mapya yanayopingana na yale ya mwanzo bila hata kutambua.

Yaliyo wazi hadi sasa ni haya. Wafanyakazi wasio wasimamizi hawatapoteza ajira, ingawa baadhi yao watabadilishiwa majukumu na zamu. Nafasi za wasimamizi zitapungua, na watakaokosa nafasi watachagua kati ya kurudi kwenye kazi ya kawaida ya idara au kuondoka na stahiki zao. Yasiyoamuliwa ni mengi zaidi: mfumo upi wa kompyuta utabaki, ratiba ya zamu itakuwaje, nani atamripoti nani, na lini kila moja ya hayo litajulikana.

Mpango wa mawasiliano

Maelekezo niliyopewa mwanzoni yalikuwa kuandaa waraka mmoja wa Mkurugenzi Mtendaji na mkutano mmoja wa wafanyakazi wote. Nimeomba mpango huo upanuliwe, na hoja kuu niliyoiweka mbele ya menejimenti ni utafiti wa David Schweiger na Angelo DeNisi uliochapishwa mwaka 1991. Walifuatilia viwanda viwili vya kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikiungana na nyingine. Katika kiwanda kimoja wafanyakazi walipata barua ya mkuu wa kampuni na kisha wakaachwa na mawasiliano ya kawaida. Katika kingine walipewa jarida la habari mara mbili kwa mwezi, namba ya simu ya kuuliza maswali, vikao vya kila wiki na viongozi wao, pamoja na mazungumzo ya ana kwa ana kwa wale walioguswa moja kwa moja. Wasiwasi ulipanda katika viwanda vyote viwili mara tu baada ya tangazo. Tofauti ilionekana baadaye: pale palipokuwa na barua peke yake hali iliendelea kuzorota, ilhali pale palipokuwa na mawasiliano ya mfululizo hali ilitulia, na imani ya watu kwa kampuni ikaanza kurejea.

Nilisisitiza jambo moja ambalo hupitwa kwa urahisi katika matokeo hayo, nalo ni kwamba mawasiliano mazuri hayakuzuia wasiwasi wa mwanzo. Kiongozi anayetarajia kwamba hotuba nzuri itawafanya watu wafurahie kuunganishwa kwa idara zao atavunjika moyo siku ya kwanza, kisha atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kutakakoleta madhara. Menejimenti imekubali kuwepo kwa taarifa ya kila Ijumaa, vikao vya kila kitengo, na daftari la maswali litakaloonyesha swali, kundi lililouliza, jina la kiongozi anayepaswa kujibu, na tarehe ya jibu.

Rasimu ya waraka

Rasimu ya kwanza ya waraka ilikuja na aya nne kuhusu ushindani, teknolojia na dira ya taasisi, na habari yenyewe ya kuunganishwa kwa idara ikawa chini kabisa. Nimeshauri mpangilio ugeuzwe. Mfano niliouleta unafahamika sana: mnamo Julai 2014, Stephen Elop wa Microsoft aliwaandikia wafanyakazi barua pepe ndefu iliyoeleza mkakati wa bidhaa aya baada ya aya kabla ya kufika kwenye taarifa kwamba takriban watu 12,500 wangepunguzwa. Msomaji aliyetaka kujua kama ana kazi alilazimika kupita kwanza kwenye simu na programu za ofisi. Kinyume chake, mwezi Mei 2020 Brian Chesky wa Airbnb alipotangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 1,900 kati ya 7,500, barua yake iliitaja idadi hiyo mapema, ikaeleza jinsi uamuzi ulivyofikiwa, kisha ikataja malipo na bima watakayopata wanaoondoka. Habari ilikuwa chungu katika barua zote mbili, lakini ya pili ilimheshimu msomaji kwa kumpa kwanza kile alichokihitaji.

Waraka wetu sasa unaanza na kinachotokea, kwa nani, na lini. Unafuata kwa yale ambayo hayajaamuliwa, na kila mojawapo limepewa tarehe ambayo litazungumzwa tena, hata kama siku hiyo jibu litakuwa bado halijapatikana. Sababu za mabadiliko zimewekwa baada ya hayo, kwa takwimu za taasisi yenyewe: muda ambao mteja husubiri pale lalamiko lake linaporushwa kutoka idara moja kwenda nyingine, na gharama ya kutunza mifumo miwili inayofanya kazi ileile. Mkurugenzi alitaka kuongeza sentensi ya kuwahakikishia watu kwamba hakuna haja ya kuwa na hofu. Niliomba iondolewe, kwa sababu wasimamizi wana kila sababu ya kuwa na hofu, na mtu akiambiwa asiogope kile anachokiona kwa macho yake huanza kutilia shaka na mengine yote aliyoambiwa. Aliafiki.

Kikao cha wasimamizi

Hili ndilo jambo lililochukua muda wangu mwingi kuliko mengine, na ninaamini ndilo litakaloamua kama mawasiliano haya yatafanikiwa. Mfanyakazi akishasikia tangazo la mkurugenzi hageuki kumwuliza mkurugenzi. Humgeukia msimamizi wake, aliye karibu naye kila siku na anayejua jina la mtoto wake. Msimamizi akijibu kwamba na yeye amesikia leo kama wengine, waraka wote umekwisha nguvu. Kwa sababu hiyo taasisi nyingi huwaarifu wasimamizi mapema na kuwapa karatasi ya maswali na majibu. Ila katika mradi wetu wasimamizi haohao ndio watakaopunguzwa, na haiwezekani kumtwika mtu ujumbe wa kutuliza wenzake ilhali hajui kama yeye mwenyewe atakuwepo.

Kikao kilifanyika alasiri ya siku iliyotangulia tangazo. Mkuu wa Rasilimali Watu aliwasomea muhtasari, kisha msimamizi mmoja wa zamu ya usiku akaombwa asome kwa sauti majibu yaliyoandaliwa ili tuone kama yanasemeka. Alisoma vizuri hadi kwenye sentensi isemayo kwamba muundo mpya utakuwa na nafasi chache za usimamizi. Akaiweka karatasi mezani, akainua uso na kusema: “Mama, chache ni ngapi? Maana nikisimama mbele ya vijana wangu nikasema chache, wataniuliza kama na mimi nimo, na mimi sijui.” Chumba kilikuwa kimya. Mkuu wa Rasilimali Watu angeweza kumwambia kwamba swali litajibiwa baadaye. Badala yake alitaja idadi ya nafasi zitakazobaki, akaeleza vigezo vitakavyotumika kuchagua, akataja watakaokaa kwenye jopo la usaili na siku ambayo matokeo yatatoka, kisha akasema wazi kwamba hawezi kumwahidi mtu yeyote pale nafasi. Yule msimamizi aliichukua karatasi yake, akaiandika idadi hiyo pembeni kwa kalamu, akaendelea kusoma.

Kutokana na kikao hicho tumefanya marekebisho mawili. Uteuzi wa wasimamizi umeharakishwa ili utangulie maamuzi mengine yote, hata kama mifumo ya kompyuta na ratiba vitasubiri. Pia, hadi matokeo hayo yatakapotoka, wasimamizi hawatatakiwa kuutetea uamuzi mbele ya watu wao. Watatakiwa kuufikisha kwa usahihi na kuyarudisha maswali kwenye daftari. Kuutetea kutafanywa na wakuu waliouamua, kwa midomo yao wenyewe. Mgawanyo huu umepingwa na baadhi ya wajumbe wa menejimenti, wanaosema kwamba kila aliye kwenye safu ya uongozi lazima azungumze kwa sauti moja. Mimi sikubaliani nao. Sauti moja inayopatikana kwa kumlazimisha mtu aseme asichokiamini husikika hivyo kwa wanaomfahamu, na hakuna wanaomfahamu msimamizi kuliko watu wa zamu yake.

Siku ya tangazo

Mkurugenzi alisimama mbele ya idara zote mbili, akasema kile kilichomo kwenye waraka bila kuusoma, akabaki kujibu maswali hadi yalipoisha. Zamu ya usiku ilikutana naye usiku uleule ili isipate habari hii kwa kusimuliwa. Wawakilishi wa chama cha wafanyakazi walikuwa wamepewa waraka kabla ya mkutano. Maswali yote yameingizwa kwenye daftari, yakiwemo yale yaliyoulizwa kwa hasira.

Tetesi

Zimeanza tetesi mbili zinazosambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyakazi. Ya kwanza inadai kwamba mishahara ya idara mbili itasawazishwa kwa kushusha ile iliyo juu. Ya pili inadai kwamba zamu ya usiku itafutwa na kazi yake kupewa wakala wa nje. Wakuu wawili wa vitengo wameshauri tuzipuuze ili tusizipe uzito, na mmoja amependekeza waraka wa kuonya wanaozisambaza.

Nimepinga mapendekezo yote mawili. Gordon Allport na Leo Postman, katika kazi yao ya mwaka 1947 kuhusu uvumi, walieleza kwamba uvumi hukua kwa kadiri ya mambo mawili yakikutana: umuhimu wa jambo kwa wanaosikia, na utata wa taarifa walizo nazo. Kimoja kikiwa sifuri, uvumi hauna pa kusimama. Uongozi hauwezi kupunguza umuhimu wa mshahara kwa mtu anayeutegemea, hivyo kilicho mikononi mwetu ni utata peke yake. Waraka wa kuonya hauugusi utata hata kidogo. Unahamisha mazungumzo tu kutoka mahali tunapoweza kuyasikia hadi mahali tusipoweza, na kwa wafanyakazi unathibitisha kwamba kuna jambo linafichwa. Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja, na onyo la aina hiyo ndilo huifanya methali hiyo ionekane kuwa kweli.

Majibu yaliyotolewa hayafanani, kwa kuwa ukweli wenyewe haufanani. Kuhusu mishahara, Mkuu wa Fedha ameandika na kutia sahihi kwamba hakuna mshahara utakaoshushwa kutokana na muungano huu. Kuhusu zamu ya usiku, ukweli ni kwamba wazo la wakala lilijadiliwa na kuwekwa kando, wala halijatolewa uamuzi wa mwisho. Kulikuwa na kishawishi kikubwa cha kukanusha tetesi zote mbili kwa sentensi moja. Taarifa iliyotoka inasema kwamba wazo hilo lilizungumzwa, kwamba halimo katika mpango wa sasa, na kwamba likirudi wafanyakazi wa zamu hiyo wataambiwa kabla ya uamuzi kufanyika. Wapo waliokasirika kusikia kwamba liliwahi kuzungumzwa. Ni afadhali hasira hiyo kuliko ile ambayo ingezuka baada ya kukanusha leo na kugundulika kesho.

Matokeo ya uteuzi

Kila msimamizi aliyekosa nafasi ameitwa peke yake na mkuu wa idara mpya, na wote wameonana naye kabla ya orodha kubandikwa. Kabla ya mazungumzo hayo niliwapitisha wakuu kwenye utafiti wa Jerald Greenberg wa mwaka 1990, kwa sababu unagusa kile hasa tulichokuwa tunakwenda kukifanya. Kampuni moja ya viwanda nchini Marekani ilipunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10 katika viwanda vyake viwili, huku cha tatu kikiachwa bila kuguswa. Katika kiwanda kimoja maelezo yalitolewa kwa takriban dakika 90: takwimu ziliwekwa wazi, maswali yakajibiwa na uongozi ukaonyesha kusikitika. Katika kingine kikao kilichukua kama dakika 15, na maelezo yakawa machache. Wizi wa mali ya kampuni uliongezeka katika viwanda vyote viwili vilivyopunguziwa mishahara, lakini uliongezeka zaidi pale maelezo yalipokuwa mafupi. Makato yalikuwa yaleyale. Kilichotofautiana ni namna watu walivyoelezwa.

Wakuu waliulizana kama kuonyesha kusikitika hakutachukuliwa kuwa ni kukiri kosa. Msimamo tulioufikia ni kwamba kiongozi anaweza kuamini uamuzi wake ni sahihi na wakati huohuo akasema kwa dhati kwamba unamwumiza mtu aliye mbele yake. Mazungumzo yalitengewa muda wa kutosha, bila simu mezani, na kila mmoja alionyeshwa alama zake katika kila kigezo. Wawili walizipinga alama zao na rufaa zao zinashughulikiwa na jopo lisilowahusisha waliofanya usaili wa kwanza. Yule msimamizi wa zamu ya usiku aliyeuliza kuhusu idadi amepata nafasi. Mwenzake wa zamu ya mchana, aliyekuwa na miaka mingi zaidi kazini, ameikosa na ameamua kuondoka. Aliomba awaambie watu wake mwenyewe kabla hawajasoma kwenye ubao wa matangazo, na alipewa nafasi hiyo bila kuandikiwa cha kusema.

Kipindi cha kusubiri

Hakuna uamuzi mkubwa uliotoka katika kipindi hiki, na limeletwa pendekezo la kusitisha taarifa ya Ijumaa hadi patakapokuwa na jambo la kusema. Nimeeleza kwamba Ijumaa isiyo na habari ndiyo inayohitaji taarifa zaidi. Wafanyakazi wamekwishazoea kuipata siku hiyo; ikikosekana wataijaza nafasi yake wenyewe. John Kotter, katika makala yake ya mwaka 1995 kuhusu makosa manane yanayoangusha mabadiliko katika taasisi, aliliweka miongoni mwayo kosa la viongozi kuieleza dira yao mara kumi pungufu ya inavyohitajika. Kwa uzoefu wa mradi huu ninaona chanzo chake: kiongozi amelizungumza jambo katika vikao vya menejimenti hadi limemchosha, akadhani kila mtu amelisikia kwa kiasi hichohicho, ilhali mfanyakazi amelisikia mara moja, akiwa na hofu, na nusu ya maneno hayakumwingia.

Kazi iliyosonga mbele ni ratiba ya zamu. Badala ya kutengenezwa na menejimenti na kutangazwa, imekabidhiwa kwa kamati ya wafanyakazi wa zamu zote, wakipewa masharti yasiyobadilika, yaani saa za huduma, idadi ya watu kwa zamu na kikomo cha saa za ziada, na kuachiwa uhuru kwa yote yaliyobaki. Jambo hili lina msingi wa zamani. Lester Coch na John French walichapisha mwaka 1948 majaribio yaliyofanyika katika kiwanda cha nguo cha Harwood huko Marion, jimbo la Virginia. Kundi lililoelezwa tu mabadiliko ya kazi bila kushirikishwa lilishuka uzalishaji, na asilimia 17 ya watu wake waliacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo. Katika makundi yaliyoshirikishwa kikamilifu hakuna aliyeacha kazi katika kipindi kama hicho, na uzalishaji ulirudi upesi na kuzidi ule wa awali.

Ninaongeza tahadhari ambayo nimeiandika pia kwenye taarifa kwa Mkurugenzi. Ushirikishwaji una maana pale tu uamuzi unapokuwa bado wazi. Kuwaita watu watoe maoni kuhusu jambo lililokwisha kuamuliwa ni kuwadanganya, nao huligundua hilo mapema, na kamati itakayofuata haitapata mtu wa kujitolea. Ndiyo maana hatukuunda kamati kuhusu kuunganishwa kwenyewe. Hilo liliamuliwa na bodi na lilitangazwa kama uamuzi.

Baada ya kuhamia muundo mpya

Idara mpya imeanza kazi chini ya mkuu mmoja, mifumo imeunganishwa, na vikao vya vitengo vimehamishiwa kwa wasimamizi walioteuliwa. Rufaa moja kati ya mbili imekubaliwa, na taarifa ya Ijumaa ilieleza kwamba alama zimerekebishwa na sababu yake, kwa idhini ya mhusika. Ratiba iliyopendekezwa na kamati imepitishwa ikiwa na badiliko moja la saa za kukabidhiana zamu, na sababu ya badiliko hilo imetumwa kwa kamati kwa maandishi.

Daftari la maswali linabaki wazi. Swali lililokaa muda mrefu kuliko yote linatoka zamu ya usiku, nalo linahusu posho ya usafiri kwa wale ambao ratiba mpya inawafanya watoke kazini kabla ya mapambazuko. Jibu liliahidiwa kwa Ijumaa hii. Idara ya Fedha imeomba iongezewe muda kwa kuwa hesabu haijakamilika, na imependekeza swali hilo lisitajwe kabisa kwenye taarifa ya wiki hii. Nimewasiliana na Mkurugenzi, naye ameamua swali litajwe la kwanza: taarifa itasema kwamba jibu halijapatikana, itaeleza ni hesabu gani inayosubiriwa, na itatoa tarehe mpya. Mkuu wa Fedha ataitia sahihi mwenyewe, kisha atafika kwenye kikao cha zamu hiyo usiku wa Ijumaa kuwaeleza ana kwa ana. Msimamizi wa zamu amekwishaarifiwa.